Anayeonja Kwanza

Nsimire mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kusema mwandishi ni mzima na anatumaini msomaji naye ni mzima. Mimi goti la kushoto linanisumbua tangu mvua zianze, na wewe ungekuwa mzima usingeondoka kesho. Kwa hiyo hilo tuliruke.

Ni saa kumi alasiri. Umeenda kwa rafiki yako Chantal akusuke, maana umesema hutaki kufika kwa masista na kichwa cha mtu aliyetoka vitani. Nimekaa juu ya kitanda chako. Begi lako liko wazi mbele yangu na sitagusa kitu, isipokuwa nitaingiza karatasi hizi chini ya kitenge cha bluu. Sweta umeweka, sabuni umeweka. Kuhusu baridi ya Walungu, kuhusu kula na kulala na kusali, sina la kukufundisha. Masista watakuambia mpaka uchoke.

Lakini kuna jambo moja lazima ulijue kutoka kwangu, kwa sababu ukilisikia kwa mtu mwingine utafunga begi na kurudi na gari la kwanza. Kwenye karatasi za kituo cha masista waliniomba jina la ndugu mmoja aliye karibu, wa kukutembelea na wa kuitwa kama ukizidiwa. Kutoka hapa Bagira hadi kule, na barabara zilivyo siku hizi, mimi sitaweza kuja kila Jumapili. Nimeandika jina la shangazi yako Faida.

Najua. Usiichane barua. Umechana vitu vingi mwaka huu, hii isome kwanza mpaka mwisho, halafu fanya unavyotaka.

Wewe unaamini Faida alikutilia karuho, ile sumu ya polepole ambayo kwetu kila tumbo likiuma anasingiziwa yeyote aliye karibu na chungu. Mtaa wote unaamini hivyo. Hakukutilia kitu, Nsimire. Na mimi nilijua hakukutilia kitu siku ile ile alipofukuzwa hapa na godoro lake likafungwa nyuma ya pikipiki. Ili uelewe kwa nini nilinyamaza, inabidi nianze kwa baba yako, ambaye hatukuwahi kumzungumzia vizuri mimi na wewe.

Baba yako alikuwa fundi mwashi. Ulikuwa na miaka sita alipokufa, kwa hiyo nadhani unamkumbuka kwa mabega tu na kwa ule wimbo wake wa kuchekesha. Alikuwa mtu mwema. Alikunywa jioni kama mafundi wote, baadaye akanywa mchana, na mwishowe akanywa asubuhi kabla ya kushika mwiko, la sivyo matofali hayakunyooka. Na kasiksi, hii pombe yetu ya ndizi, alikuwa anakunywa ya nani? Yangu. Nilijifunza kwa mama yangu kufukia ndizi shimoni ziive, kuzikanyaga kwa majani ndani ya hori la mbao, kuongeza unga wa mtama uliokaangwa na kusubiri. Sikuwahi kufikiri kwamba ninatengeneza kitu kibaya. Kwetu posa inaanza na kasiksi, ugomvi unaisha kwa kasiksi, na matanga hayalalwi bila kasiksi. Mtu akikataa kikombe tunamuuliza amekasirikia nani.

Macho yake yakageuka njano na tumbo likavimba. Daktari akanivuta pembeni ya kitanda na kuniambia wazi: "Maman, ni ini. Pombe njo imeikula." Nilitoka nje, na mlangoni nikawakuta wakwe zangu wamesimama, wote wananitazama mdomo. Wakaniuliza daktari amesema nini.

Nikasema: "Hajaona kitu."

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na mengine yote yamezaliwa na hilo. Sikusema uongo ili kujikinga mimi, ingawa najua hivyo ndivyo ilivyo ukitazama vizuri. Niliona ninamkinga yeye. Kwetu mtu akifa kwa sumu ameonewa, watu wanamlilia; akifa kwa pombe wanakanyagana miguu chini ya meza na kucheka. Nilitaka watu wamlilie. Na kweli walimlilia sana.

Sijui kwa nini sikufikiri hatua moja mbele. Mtu akifa kwa sumu, kuna aliyemtilia. Na nyumbani kwetu nani alikuwa anashika chungu? Baada ya arobaini, wateja wangu wa kasiksi walianza kupita mbele ya mlango wetu wakitazama upande wa pili. Wale wachache walioingia walikuwa wanaulizia maji tu.

Unajua desturi, umeishi ndani yake: anayemletea mgeni kinywaji lazima akionje kwanza mbele ya macho yake, ndipo ampe. Mimi nilikuwa naonja. Hakuna aliyetaka tena kuonja kwangu. Siku moja Muzee Cirhuza, yule jirani yetu wa mwisho wa mtaa, alikaa kwenye benchi, akakishika kikombe na kukirudisha mezani.

"Maman, wewe uonje ao usionje, ni sawasawa," akaniambia. "Mwenye kutia sumu iko na dawa yake. Muite mutoto. Yeye njo aonje."

Ulikuwa umesimama karibu na pazia na daftari la shule mkononi. Ulikuwa na miaka saba. Nikakuita.

Nilikushikilia kile kikombe cha plastiki cha kijani kwa sababu kilikuwa kikubwa kwa mikono yako. Ulikunja uso, ukameza, ukasema: "Mama, inachoma." Muzee Cirhuza akacheka mpaka akakohoa. Akasema: "Basi. Mama hawezi kuua mutoto yake." Akanywa. Kesho yake alikuja na wenzake wanne.

Hayo maneno yake nimeyasikia kila siku ya mwaka huu. Nikiosha vyombo nayasikia.

Kuanzia hapo ulikuwa unaonja kila bidon jipya la kasiksi, na kama kuna mgeni asiyetuzoea ulionja na kikombe chake. Funda moja. Funda moja si kitu, nilijiambia. Lakini Jumamosi zilikuwa na wageni wengi, na funda moja mara wageni wengi sitaki hata kulihesabu. Ulikuwa unalala mapema sana. Nikawaambia watu, huyu mtoto hana taabu, akiweka kichwa chini amelala. Mwalimu wako alituma niitwe, akasema unasinzia darasani. Nikamjibu una minyoo. Nilikununulia hata dawa ya minyoo, ili uongo wangu uwe na ushahidi. Watu walikupenda, walikuita "docteur" kwa sababu ndiye unayepima, na wewe ulipenda kuitwa hivyo, ukawa unakuja mwenyewe kabla sijakuita.

Ulipofika miaka kumi na miwili hivi niliacha, wateja walikuwa wameshasahau hofu yao. Sikukueleza kitu. Nilikuambia tu: "Sasa wewe mukubwa, soma." Kama vile mlango unafungwa kwa neno.

Nimekusikia mara nyingi ukisema kwamba ulianza sekondari, wewe na kina Chantal, kwa vile vichupa vya plastiki vya pombe kali. Ulimwambia hivyo hata yule muuguzi wa hospitali. Unajilaumu kwamba uliiga. Chantal alionja vichupa hivyo akaacha, anasuka nywele, ana mtoto. Wewe hukuacha, na umekuwa unajiuliza mbele yangu una udhaifu gani ambao wenzako hawana. Ulikuwa unaniuliza mimi, mwanangu, na mimi nilikuwa nakuambia usali zaidi. Hukuanza na kina Chantal. Ulianza na mimi. Nisamehe.

Nimesimama kidogo, nimekunywa maji. Naendelea.

Ulipokuwa msusi, hakuna aliyekuwa na mistari kama yako Bagira nzima. Wanawake walipanda kutoka mjini kuja kukaa kwenye kile kigoda. Halafu mikono ikaanza kutetemeka asubuhi. Niliona. Niliona pia kwamba ukienda nyuma ya nyumba na mfuko wako wa mèche, zile nywele za kusukia, na kurudi, mikono imetulia na mistari imenyooka. Fundi mwashi mmoja alikuwa hivyo hivyo, na nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja miaka tisa. Usifikiri sikujua. Nilifungua ule mfuko siku moja nikakuta vichupa saba chini ya nywele, nikaufunga vizuri kama nilivyoukuta.

Ulipoanza kutapika na kukonda, majirani walisema karuho. Nikashika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika chochote. Binti mlevi! Mwanamume akinywa ni mwanamume. Binti akinywa wanauliza mama yake alikuwa wapi. Kwa hiyo nilikupeleka kwa yule mganga, akakunywesha majani yake, ukatapika mpaka macho yakawa mekundu, na yeye akachovya kijiti kwenye beseni akanionyesha kitu kidogo cheusi. Akaniuliza: "Ku nyumba yenu, kuko mutu mwenye anapikaka lakini haiko damu yako?"

Sikutaja jina, Nsimire. Hilo nimejivunia miezi mingi, kwamba sikutaja jina. Lakini tulikuwa watatu katika parcelle ile, kiwanja chetu kimoja: mimi, wewe, na dada wa baba yako kwenye chumba cha nyuma. Nilinyamaza, na mganga akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

Siku ileile jioni uani kulijaa watu. Wewe ulikuwa umelala ndani, umechoka, kwa hiyo hukuona. Faida hakulia. Alisimama na mwiko wa ugali mkononi akasema: "Leteni ile bugali yenye nilipika leo. Nitakula yote mbele yenu." Hawakumletea. Mmoja akasema mwenye sumu ana dawa yake, yaleyale waliyoniambia mimi zamani, na mimi nikayasikia. Kisha Faida akanigeukia.

"Maman Nsimire, wewe unanijua. Sema kitu."

Nilitazama ndala zangu. Kamba ya ndala ya kulia ilikuwa imeshonwa kwa uzi mweupe. Naikumbuka kuliko uso wake.

Aliondoka kesho yake. Ulipoamka nikakuambia karuho imetoka, sasa utapona, na aliyekutilia amekwenda. Ulinikumbatia. Wiki hiyo ulikunywa zaidi kuliko wakati wowote, kwa sababu sasa ulikuwa na huzuni ya kusalitiwa na shangazi aliyekubeba mgongoni.

Sasa kuhusu yule muuguzi, Esther. Wewe ulimjua hospitalini, mimi nilimjua kabla. Alipita mtaani na daftari, nyumba kwa nyumba, akiuliza tuko wangapi, umri gani, tumetoka wapi, tunafanya kazi gani, na kama kuna anayekunywa au kutumia kitu kingine. Alipofika kwetu akauliza: "Maman, muko bangapi hapa?" Nikasema: "Tuko babili." Akauliza: "Na mwenye kukunywa?" Nikanyoosha shingo. "Kwetu? Apana. Siye tuko batu ba kanisa." Na nyuma ya pazia bidon likatoa pumzi, fuu, kama linavyofanya pombe ikichacha. Yule binti alitazama pazia, akanitazama mimi, akaandika kitu kifupi, akaniaga kwa adabu. Nilimchukia siku tatu.

Lakini swali lake lilibaki kichwani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa mdomo mrefu na macho marefu, nilianza kujibu mwenyewe kimoyomoyo kila nikipita na ndoo ya maji. Nyumba ya kwanza, mzee wa kiwandani aliyestaafu kabla pensheni haijalipwa: anakunywa. Ya pili, mjane aliyekimbia vijiji vya huko juu na watoto watano: hanywi, ila mkubwa wake anavuta bangi nyuma ya kisima. Ya tatu, mwalimu: anakunywa, lakini amevaa tai. Ya nne kina Hadija, watu wa Uvira wanaouza vitenge, pombe haiingii pale hata kwa harufu. Lakini kijana wao anameza vidonge vya maumivu, viwili viwili, hana maumivu. Ya tano, vijana wa pikipiki waliorudi kutoka machimbo ya Luhwindja. Hao hata sisemi. Na tangu mji ubadilishe wakubwa na kazi zikafa, kwa wale waliokuwa wanakunywa Jumamosi sasa kila siku ni Jumamosi. Nikafika mlangoni kwetu na ndoo kichwani nikagundua kwamba karibu wote wanaokunywa nimewanywesha mimi, na kwamba kila mmoja wetu alimjibu Esther kitu kimoja: kwetu hapana. Mficha uchi hazai, tunasema, halafu tunaficha.

Unadhani nilimkimbilia Esther siku hiyo? Hapana. Nilikwenda kwanza kwenye kikundi cha sala. Ndiyo, zile siku nyingine unazozikumbuka vibaya. Walisema tukufungie chumbani siku tatu, maji na chumvi tu, tuimbe mlangoni, na hiyo roho ya pombe itatoka. Niliweka kufuli mwenyewe. Siku ya kwanza ulinitukana. Siku ya pili ulikuwa unatoka jasho na kuona panya ukutani ambao hawakuwepo. Uliniita "mama" kwa sauti ya mtoto wa miaka saba, na akina mama wakaniambia nisifungue, shetani anajua kuigiza. Siku ya tatu nikasikia kitanda kinagonga ukuta. Nilipofungua ulikuwa umekakamaa, macho meupe, povu. Wao walipiga vigelegele kwamba inatoka. Mimi nilikubeba mpaka hospitali. Sijui goti langu lilifanyaje kazi siku hiyo.

Daktari wa pale alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanangu, na alinigombeza kama mimi ndiye mtoto. "Mutoto haiko na shetani, maman. Mwili yake imezoea pombe, muliikata mara moja. Kidogo tu angekufa." Nilimwambia tulitaka aache. Akasema kuacha kuna namna yake: mtu aliyezoea hivyo anashushwa polepole, kwa vidonge, na mtu wa kumpima mapigo ya moyo asubuhi na jioni. Akasema hiyo ni wiki ya kwanza tu, na ndiyo rahisi. Nikamuuliza iliyo ngumu ni ipi. Akasema: "Kurudi nyumbani."

Hapo ndipo Esther alipokuja kukaa nawe, bila daftari safari hii. Mengine unayajua. Mimi nataka uongeze moja ambalo aliniambia kwenye korido, ulipokuwa umelala. Nilimuuliza kama ukitoka kule utakuwa umepona kabisa, ili nijue niwaambie watu nini. Akaniambia niache kwanza habari za watu. Akasema ugonjwa huu ni kama ule wa sukari wa mama mkwe wangu, unatunzwa, hautupwi. "Akianguka tena, haiko mwisho. Mutamurudisha, bila makelele." Kwa hiyo ukianguka, mwanangu, usijifiche kwangu. Mimi najua kuficha kuliko wewe, na nimeona kunakoishia.

Ijumaa iliyopita nilikuambia nakwenda sokoni, na kweli nilikwenda sokoni, ila soko lilikuwa la Walungu. Nilipanda gari asubuhi. Faida anauza maharage pale, mstari wa tatu, chini ya mwavuli wa manjano. Aliponiona alisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, yote yakaniishia. Hakunifukuza. Alimwachia jirani mizani yake, akanichukua nyumbani, chumba kimoja kisafi, na akapika kwa sababu mimi ni mgeni na mgeni hupikiwa, hata awe nani. Bugali, maharage na mboga za lengalenga. Akaweka sahani mbele yangu. Kisha akanyoosha mkono, akamega tonge, akalichovya kuonja kabla yangu.

Kwetu kinywaji ndicho kinachoonjwa, chakula si lazima. Nilimuuliza kwa macho. Akasema tangu siku ile anaonja kila kitu anachompa mtu, hata maji, hata chumvi ya kuazima.

Nikamshika mkono. "Faida, usionje."

"Acha nionje," akasema, "kusudi kesho musiseme tena."

"Sitasema. Siku ile njo nilipaswa kusema."

Akaliachia tonge. Nikala. Nililia na bugali mdomoni, usinicheke, pua ilikuwa inachuruzika hadi kwenye maharage, na nikala yote. Nikamwambia mambo haya niliyokuandikia, toka kwa daktari wa baba yako mpaka kwenye kikombe cha kijani. Alisikiliza akichambua maharage ya kesho. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Nilipomaliza akauliza: "Mutoto anafika siku gani?"

Kwa hiyo nimeandika jina lake. Wewe ndiye utakayeamua. Ukiwaambia masista hutaki kumwona, watakusikiliza. Lakini nimekaa hapa kitandani kwako nikitafuta mtu mmoja duniani aliyekupenda bila kukufanyia uongo, na nimempata yeye tu.

Hori nimelitoa. Fundi seremala wa mtaani amelipasua, mbao zake zimetengeneza banda la kuku la mwalimu. Shimo la ndizi nimelifukia, nitapanda viazi. Kikombe cha kijani nimekikata kwa panga, na plastiki ile ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Nimeanza kuuza mkaa, nanuka moshi kila siku na sijazoea. Muzee Cirhuza bado anakuja Jumamosi. Juzi alisimama mlangoni akauliza: "Maman, leo hakuna?" Nikasema hakuna. "Na kesho?" Hakuna. Nikatazama mikono yake, Nsimire, na kwa mara ya kwanza nikaona inavyotetemeka. Amekuwa anatetemeka mbele yangu miaka yote hii. Nikamwambia habari za Esther. Akakasirika: "Mimi haiko mulevi, niko muzee." Lakini hakuondoka haraka.

Sijui kama ukirudi nyumba hii itakuwa imebadilika vya kutosha. Watu watakuja na bidon zao kwenye sherehe, na watakuuliza umekasirikia nani. Nitakuwa nimesimama karibu nawe. Hicho tu ndicho ninachoweza kukuahidi, na najua ahadi zangu hazina uzito sana kwako sasa.

Nasikia sauti yako na ya Chantal kwenye kona, mnacheka. Miezi mingi sijakusikia ukicheka bila kitu mdomoni. Naandika haraka.

Jumapili ya tatu wataruhusu wageni. Faida atakuja na sahani iliyofungwa kwa kitambaa. Atakuwa na woga kuliko wewe. Atakaa mbele yako, atafungua kitambaa, na kabla hujashika kitu atanyoosha mkono aonje kwanza. Mshike mkono, uushushe polepole.

Wewe umewaonjea watu wa kutosha, na yeye pia. Mwambie asionje, halafu ule.

Mama yako